Shangazi Wanne, Siku Mbili

Ukweni watu huenda na maua, na wengine huenda na divai. Tullio Magri alikwenda na ratiba za treni. Jumapili ile ya Aprili, mji wa Cremona ukiwa umeshiba na kusinzia, alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, mkono mmoja umebeba sinia la vikeki lililofungwa utepe, mkono wa pili umebana daftari la kijani kifuani.

Enza alikuwa nyuma ya mlango tangu aliposikia hatua ya kwanza. Alifungua kabla kengele haijalia, wakatazamana. Jamani, kuna watu wamejaliwa macho. Tullio alikuwa na mabega mapana ya mtu wa mizigo, lakini nyuma ya miwani yake mlikuwa na macho ya upole yasiyoendana kabisa na mabega hayo, na kila yalipotua kwa Enza, yeye alisahau alichokuwa akifanya. Alikuwa na miaka thelathini na tatu, si msichana wa kubabaika. Hata hivyo alibabaika.

"Umefunga tai vibaya," alimwambia kwa sauti ya chini, akanyoosha mikono kuitengeneza.

"Nimeifunga vibaya makusudi."

"Enza," baba yake aliita kutoka ndani, "huyo mtu ameingia, au bado anauza kitu hapo mlangoni?"

Huyo mtu. Miezi kumi na tano ya uchumba, na Mzee Arduino Bonazzi hakuwahi kulitaja jina la Tullio hata mara moja. Alikuwa huyo, alikuwa yule, siku akiwa na hasira alikuwa wa lori. Chakula cha mchana cha Jumapili hakuwahi kualikwa. Aliruhusiwa kuja baada ya vyombo kuondolewa, kwa kahawa, akae kwenye kiti cha karibu na mlango, na akimaliza kikombe aage.

Wala msidhani mzee huyo alikuwa na roho mbaya. Tatizo lake lilikuwa moja tu, na lilikuwa na magurudumu kumi na nane. Arduino alikuwa mtu wa reli, mwana wa mtu wa reli. Miaka thelathini na minane alivaa kofia ya mkuu wa treni, na katika miaka hiyo aliona kwa macho yake malori yakiichukulia reli mizigo, kwanza viazi sukari, kisha nguruwe, mwishoni jibini. Mpaka leo lori likipita chini ya dirisha alilitazama kama mtu anayemwona mwizi amevaa koti lake. Na binti yake wa pekee, aliyemlea peke yake tangu mama yake afariki, katika wanaume wote wa bonde la mto Po akamchagua dereva wa lori la jibini.

Walikutana dukani. Enza huuza miwani, Tullio alikuja na miwani iliyokatika mkono, ameifunga kwa uzi. Enza alimtengenezea. Wiki iliyofuata akarudi imekatika mkono wa pili, na Enza, ambaye anajua jinsi miwani inavyokatika yenyewe na jinsi inavyokatwa na mtu, alinyamaza akatengeneza tena. Mara ya tatu alimwambia aache kuiumiza miwani, amwalike tu kahawa kama watu wengine. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Sasa harusi ilikuwa imepangwa Jumamosi ya pili ya Juni. Gauni lilikuwa kwa fundi, kanisani wameshaweka nafasi, padri ameshawapa mawaidha. Kilichokosekana kilikuwa kimoja, na kwa Enza kilikuwa kikubwa kuliko gauni na kanisa: mkono wa baba yake. Mzee alikuwa amesema bila kupepesa jicho kwamba harusi wafanye, yeye atakuja na atakaa benchi la mbele, ila kumshika binti mkono na kumpeleka madhabahuni akamkabidhi kwa wa lori, mguu wake hautanyanyuka. Enza alilia, alinuna, alimpikia marubini, zile tambi za kujazwa nyama, kwa mchuzi wa nyama aina tatu, akanuna tena. Wapi.

Kisha, wiki tatu kabla ya Jumapili hii, mzee alitoa sharti.

Ili kulielewa sharti lenyewe lazima niwaambie kuhusu shangazi. Babu yake Enza alihamishwa kituo hadi kituo, na kila mji alioondoka aliacha binti mmoja ameolewa. Clelia, mkubwa, yuko Padova. Norma yuko Verona. Ebe yuko Brescia. Dirce, mdogo wao, yuko Mantova. Arduino, kitinda mimba, ndiye aliyebaki na baba Cremona. Na katika ukoo wa Bonazzi kadi ya harusi haitiwi kwenye posta. Hupelekwa kwa mkono, na bwana na bibi harusi wenyewe, kwa kufuata umri, mkubwa kwanza. Unakaa, unakula chochote unachowekewa, unaikabidhi, unambusu shangazi mashavu mawili, unakwenda kwa anayefuata.

Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kukiuka. Binamu mmoja alimpelekea Ebe kabla ya Norma, eti kwa sababu Ebe alikuwa njiani. Siku ya harusi Norma aliamka na mafua. Clelia naye mafua. Wakaugua waume zao, wakaugua watoto, wakaugua wajukuu, mafua ya mwezi wa Julai yakaikumba miji mizima, na bwana harusi akakata keki mbele ya meza mbili tupu.

Kwa hiyo sharti la Mzee Arduino lilikuwa hili. Yule wa lori aipange safari hiyo kwa treni, si kwa gari lolote lenye tairi. Shangazi wanne, siku mbili, Jumamosi na Jumapili ya mwisho wa mwezi, kwa sababu siku nyingine lori lake halimwachi. Umri ufuatwe. Na pasiwe na shangazi hata mmoja atakayesubiri mezani dakika moja zaidi ya saa yake. Akiweza, mzee atamshika binti yake mkono. Asipoweza, ajue kwamba ukoo huu haumfai.

Wachumba wengine hupanga nyumba. Enza na Tullio wiki hizo tatu walipanga treni. Tullio alimpigia simu kutoka kwenye viwanda vya jibini, wakati wengine wakipakia, ana mkate mkononi, akimuuliza kama dakika sita zinatosha kubadilisha treni Monselice na sanduku la kadi. Enza alijibu akiwa nyuma ya kaunta, mteja amevaa miwani ya majaribio anangoja. Kwa miezi kumi na tano walikuwa wameonana vipande vipande, saa moja hapa, nusu saa kule, lori limewekwa pembeni taa zinamweka. Siku mbili nzima kwenye behewa moja, mabega yamegusana, hakuna usukani kati yao! Enza aliiwaza safari hiyo akipiga pasi, akaiwaza mpaka kitambaa kinanuka moshi. Tullio, ambaye hakuwa amepanda treni miaka kumi na miwili, alitumia siku yake ya mapumziko kwenda Brescia na kurudi ili ajaribu. Alisahau kugonga tiketi yake kwenye mashine kabla ya kupanda, mkaguzi akamkaripia mbele ya behewa zima, naye akarudi amefurahi, maana alihisi ameanza kuzoeana na baba mkwe.

Na leo ndiyo ilikuwa siku ya mtihani.

Mzee alikuwa amekaa kichwani mwa meza, shati jeupe, ndevu zimenyolewa mpaka kidevu kinang'aa. Alimwonyesha Tullio kiti, si cha karibu na mlango safari hii, bali cha mbele yake, ambacho kwa mtihani ni kibaya zaidi. Enza alikaa ubavuni mwa mchumba wake, mguu wake ukautafuta mguu wa Tullio chini ya meza na ukakaa hapo.

"Haya," mzee alisema. "Nikusikie."

Tullio alifungua daftari. Sauti ilimtetemeka mwanzoni, lakini dereva akishaingia barabarani hutulia. Alieleza kwamba Jumamosi wataondoka Cremona asubuhi mapema, watapita Mantova bila kushuka, kwa sababu zamu ya Dirce bado, watabadilisha Monselice, na saa sita na dakika kumi watakuwa Padova. Mzee aliuliza kwa nini wasipite Brescia kama watu wote. Tullio akajibu kwamba kule treni hujaa siku ya Jumamosi, na shangazi Clelia hatapenda kadi iliyokunjwa. Mzee alisogeza kidogo kikombe chake kitupu, na Enza aliyemjua baba yake aliubana mguu wa Tullio.

Padova wangekaa mpaka saa kumi na nusu, kwa kuwa Clelia hula polepole na baada ya kula lazima aonyeshe picha. Jioni wangekuwa Verona kwa Norma, wangekula, wangelala huko. Hapo mzee aliinua jicho.

"Mtalala wapi?"

"Enza chumba cha shangazi. Mimi sebuleni, kwenye kochi."

"Kochi la Norma fupi."

"Nimeambiwa. Nitakunja miguu."

Mzee aliinamia kikombe chake haraka. Enza angeapa kwamba alikuwa anaficha kicheko. Wakaendelea. Jumapili asubuhi, misa na Norma, treni ya saa tano kasoro robo, saa sita kamili wako kwa Ebe Brescia, chakula mezani saa sita na nusu. Mzee aliuliza jukwaa namba ngapi, Tullio akajua. Aliuliza itakuwaje treni ikichelewa robo saa, Tullio alikuwa na nyingine mfukoni kwa kila mji. Enza alianza kujiona anatembea kanisani. Alimwona baba yake na suti ile ya kijivu, akaona na ua kifuani.

Kisha Tullio akafika mwisho wa ukurasa, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hapa, mzee, sitakudanganya. Kwa shangazi Dirce nimekwama. Keki yake anaiweka mezani saa kumi na nusu. Kutoka Brescia siku ya Jumapili lazima turudi mpaka Verona ndipo tushuke Mantova, tunamfikia saa kumi na moja. Nimechelewa nusu saa. Nimetafuta wiki tatu."

Mzee Arduino aliegemea kiti. Uso wake ulifunguka taratibu, ukajaa furaha ambayo Enza hakuwa ameiona siku nyingi.

"Piadena," alisema.

Akasema tena, kama mtu anayetaja jina la mwanamke. Kuna treni inatoka Brescia saa nane na dakika hamsini na mbili, alieleza, inashuka kusini moja kwa moja, inafika Piadena. Pale unavuka jukwaa tu, hatua kumi, ya Mantova inakungoja imewasha taa. Saa kumi na robo uko Mantova, unapata hata muda wa kumnunulia Dirce maua. Mtoto yeyote wa reli anaijua. Yeye mwenyewe aliiongoza miaka tisa. Alimjua kila abiria: mwalimu wa kike aliyekuwa akipanda na kuku, bwana mmoja wa Asola aliyelala kila siku na kila siku akaamshwa na yeye. Hakuwahi kuichelewesha, hata mwaka wa theluji kubwa.

Enza alitazama daftari lililokuwa wazi kati yao. Chini ya ukurasa, kwa mwandiko wa Tullio, palikuwa pameandikwa kwa wino: Piadena, 8.52 mchana. Imefutwa, miaka minane sasa. Na mstari umepigwa juu yake.

Alifungua kinywa. Kabla neno halijatoka, kiganja kipana cha Tullio kilishuka polepole juu ya ukurasa, kikaufunika mstari ule wote.

"Sikuiona, mzee," Tullio alisema. "Kweli umenishinda."

"Wiki tatu, na hukuiona Piadena." Mzee alitikisa kichwa, lakini kwa upole, maana mshindi huwa mpole. "Basi. Nilisema, na nimesema."

Enza alisimama ghafla kiasi kwamba kiti kilipiga kelele. Alisema anakwenda kutia kahawa. Tullio alisema atamsaidia, ingawa kahawa ni ya vikombe vitatu na birika lake halizidi ukubwa wa ngumi. Mzee hakuwazuia. Alikuwa bado yuko Piadena.

Jikoni Enza aliwasha jiko, akageuka, macho yamejaa.

"Treni hiyo haipo."

"Najua."

"Umeandika mwenyewe. Nimeona."

"Najua, Enza."

"Sasa unanyamazia nini? Ungemwonyesha tu yaishe. Hakuna binadamu anayeweza kufika Mantova saa kumi na nusu, hata yeye mwenyewe hawezi. Ungekuwa umeshinda."

Tullio aliegemea ukuta wa jikoni, mikono hajui aiweke wapi.

"Umemwona uso alipoitaja? Mimi nimekuja hapa miezi kumi na tano, leo ndiyo nimemwona akiwa kijana. Miaka tisa, Enza. Nimwambie mezani kwake, mbele ya binti yake, kwamba treni yake ilishazikwa na hakuna aliyempelekea habari ya msiba? Tena nimwambie mimi, mtu wa lori? Siwezi."

"Na mimi je? Mimi nitaingia kanisani na nani?"

Hilo lilimchoma. Alimsogelea, akamshika mikono yote miwili, akaiweka kifuani kwake, na Enza alisikia moyo wa mwanamume mkubwa namna ile ukienda mbio kama wa mwizi.

"Juni bado," alisema. "Nitakuja kila Jumapili. Nitakaa kile kiti cha mlangoni mpaka achoke kunichukia. Mimi kazi yangu ni safari ndefu, sichoki haraka."

"Nitamwambia mwenyewe."

"Usimwambie. Nakuomba. Akijua, ajue kwa mwingine, si kwetu sisi."

Enza alimtazama. Alitaka kumpiga kwa taulo la vyombo, na alitaka kumwambia kwamba hata kama ataingia kanisani peke yake, ataingia akijua anakwenda kwa nani. Wanaume wa kukushinda kwa maneno wako tele. Wa kukubali kushindwa wakati ushindi uko chini ya kiganja chao, huyo ukimpata usimwachie hata akanyage kwenye lami.

"Nimekasirika, ujue," alisema.

"Naona."

"Usitabasamu. Nimekasirika na nakupenda, vyote kwa pamoja, na sijui nianze na kipi."

"Anza na hicho cha pili. Kahawa haijachemka bado."

Basi akaanza na cha pili. Tullio alivua miwani kwa mkono mmoja akaiweka juu ya mfuko wa unga, na mkono wa pili ulikuwa na kazi nyingine. Birika lilianza kukoroma, likakoroma zaidi, likamwaga kahawa yote juu ya jiko, harufu ikajaa nyumba nzima, na hakuna aliyelishughulikia. Walipoachana walikuwa wanacheka kimyakimya, paji la uso kwa paji la uso, machozi ya Enza bado hayajakauka.

Hapo ndipo waliposikia sauti ya mzee. Haikutoka mezani. Ilitoka kwenye korido, pale ukutani penye simu ya nyumba. Enza alimshika Tullio mkono, wakasogea mpaka kwenye mlango wa jikoni. Mzee alikuwa amewapa mgongo. Mkono mmoja ulishika simu, na kwapani alikuwa amebana daftari la kijani.

"Dirce, ni mimi," alikuwa akisema. "Mzima. Goti ni lile lile. Nisikilize. Jumapili ya mwisho wa mwezi, keki yako utaiweka mezani saa kumi na moja, si saa kumi na nusu."

Sauti ya shangazi Dirce ilisikika mpaka jikoni, kama nyuki ndani ya chupa.

"Kwa sababu nimesema utasubiri. Kuna watu watapita kwako. Hapana, hawaleti kitu. Nani ametaja kadi? Mimi sijataja kadi. Clelia hajapata, kwa hiyo hakuna kadi duniani. Wanakuja kula keki." Akasikiliza. "Hapana, hawawezi kupita Piadena. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo. Treni haipo, Dirce. Imefutwa."

Nyuki akanong'ona maneno machache. Enza aliona mgongo wa baba yake ukikakamaa.

"Ulijua?" mzee aliuliza. "Tangu lini? Na Ebe anajua? Nyote wanne. Miaka minane mnakaa mezani kwangu kila Krismasi mnanisikiliza nikiisifu, mnanikatia nyama, mnaitikia ndiyo Arduino, ndiyo Arduino."

Mabega yake yalianza kutikisika. Enza alipiga hatua, akidhani analia, Tullio akamrudisha taratibu. Mzee alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na nyuki wa Mantova naye akawa anacheka ndani ya simu. Kisha akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Hapana, hakuna aliyeniambia. Nimesoma. Alijua, ameandika hapa kwa wino, mpaka miaka ameihesabu. Na amekaa mbele yangu, kiganja juu ya karatasi, akaniacha nimshinde." Akageuza daftari, akalitazama kwa mbali kama anavyofanya mtu wa umri wake. "Yupi, yupi? Unauliza kama nina wengi. Mkwe wangu. Tullio."

Vidole vya Tullio vilivibana vya Enza mpaka vikamuuma, na Enza hakuvitoa.

Mzee alikata simu. Aligeuka, akawakuta wawili mlangoni, na uso wake ukajaribu kurudi kuwa mkali, lakini ulikuwa umeshachelewa.

"Kahawa imemwagika," alisema. "Nasikia harufu."

"Imemwagika, Baba."

"Wewe," alimwambia Tullio, akimrudishia daftari. "Verona, ile ya Jumapili mchana mkitoka kwa Ebe. Mkae behewa la nyuma kabisa, si la mbele. Ngazi za kushukia ziko nyuma. Una dakika saba, na binti yangu hatembei upesi." Akakohoa. "Na miwani yako iko wapi?"

Miwani ilikuwa juu ya mfuko wa unga. Tullio aligeuka mwekundu mpaka masikioni. Mzee alitazama jikoni, akatazama mfuko wa unga, akaamua kwamba kwa leo hajaona kitu.

"Na wewe, Enza, viatu vya harusi usinunue vya kisigino kirefu."

"Kwa nini, Baba?"

"Kwa sababu tutakwenda polepole. Goti hili haliwezi mbio zako. Kutoka mlangoni mpaka mbele ni hatua hamsini na mbili, halafu ngazi tatu." Alikuwa anatazama ukuta, hatazami mtu. "Alhamisi nilipita kanisani nikahesabu. Nikahesabu mara mbili, nipate uhakika."

Enza aliihesabu Alhamisi, akaihesabu Ijumaa, akaihesabu Jumamosi, mpaka akafika kwenye leo, siku ya mtihani. Kisha akamrukia baba yake shingoni, goti na yote, na mzee akayumba, akamshika, wala hakumwambia ashuke.